Mwandishi wa Programu Asiyejua Kusalimia: Anaweza Kubeba Vichekesho vya Runinga?

Mtu akikutana nawe Kirumba, Mwanza, asubuhi akakuuliza, "Habari za kazi?", hataki habari za kazi. Anataka kusikia "nzuri", umuulize za kwake, naye ajibu "nzuri", ndipo kila mmoja ashike njia yake. Sasa chukua mtu ambaye akiulizwa hivyo anasimama, anatua begi, anaanza kueleza: kazi imekwama tangu juzi, kwa sababu mfumo wa duka la dawa unakataa jina la Ng'wandu. Ile ritifaa inayofuata Ng, ambayo Msukuma anaiandika bila kufikiri, kwenye lugha ya kuongea na hifadhidata ndiyo alama ya kufungia maneno. Kompyuta ikifika hapo inadhani jina limekwisha, kisha haijui "wandu" ni kitu gani. Daladala ya Buzuruga imeshaondoka. Aliyesalimia hajui aage vipi. Aliyesalimiwa amejibu swali kwa ukamilifu, na amefurahi kwamba leo amepatikana mtu aliyetaka kujua.

Humo ndimo lilimo jibu la swali linalorudi kila waandishi wa vichekesho wanapokaa kupanga kipindi kipya: mwandishi wa programu za kompyuta, yule asiyejua kuishi na watu, anaweza kumshika mtazamaji? Anaweza, tena sana. Lakini hachekeshi kwa ukimya wake, wala kwa miwani, wala kwa kushindwa kutongoza. Anachekesha kwa sababu huyachukua maneno kama yalivyosemwa, katika mji ambao karibu kila neno la adabu lina kazi nyingine.

Kiswahili hakina neno moja la mtu wa aina hii. Tunasema hana mdomo, hajui watu, amezubaa, amejifungia. Na hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza mapema, kwa sababu wanadhani ukimya wenyewe ni kichekesho. Usukumani, kijana anayenyamaza mbele ya wakubwa husifiwa kwamba amelelewa. Ukimya uleule mbele ya wenzake wa rika huitwa maringo. Ukimwiga kijana wa London anayeona haya na kushindwa kutoa neno, mtazamaji wa Mwanza ataona mtoto mwenye heshima zake, hatacheka. Kazi ya kwanza ya mwandishi ni kumpa mhusika wake maneno. Azungumze. Aseme mambo ya kweli, kwa utaratibu, kwa mtu ambaye hakuyaomba.

Tamthilia za nje zilizofanikiwa na wahusika hawa zinaonyesha jambo hilohilo ukizifungua. The IT Crowd ilianza Channel 4 ya Uingereza Februari 2006, kazi ya Graham Linehan. Roy na Moss wanakaa chumba cha chini ya jengo la kampuni kubwa wakihudumia kompyuta za watu wasiowajali. Katika kipindi kimoja cha mwanzo moto unawaka ofisini, na Moss anaketi kuwaandikia zimamoto barua pepe rasmi yenye kichwa cha habari, salamu na heshima zote. Hakuna utani uliosemwa pale. Kuna mtu anayefuata kanuni za uandishi wa barua sawasawa, wakati moto uko mgongoni kwake. Anajiamini kabisa, na ndiyo maana tunavunjika mbavu. Angekuwa anatetemeka kwa kutojua la kufanya, tungemhurumia tu.

Tamthilia hiyo ina tukio jingine lenye somo kubwa zaidi. Jen, bosi wao asiyejua kompyuta, anapewa kiboksi kidogo na kuambiwa kwamba ndani yake ndimo ilimo intaneti yote. Wanatarajia aaibike atakapokionyesha kwenye mkutano wa wenye hisa. Wenye hisa nao wanaamini. Mzaha uliotegwa kwa mmoja unafunua kwamba ukumbi mzima haujui. Kwa hiyo ujinga haukai upande mmoja: Moss hajui watu, watu hawajui mashine, na kila upande unamtegemea mwenzake kuliko unavyopenda kukiri. Bila mizani hiyo tamthilia ingekuwa ya kumsimanga mtu kwa vipindi 25.

Kisha The Big Bang Theory, iliyorushwa na CBS ya Marekani kuanzia Septemba 2007 hadi Mei 2019, vipindi 279. Mmoja wa waasisi wake, Bill Prady, aliwahi kuwa mwandishi wa programu, na wazo la mwanzo lilihusu watu wa kazi hiyo kabla ya kugeuzwa wanafizikia. Kwa kamera mageuzi hayo yana faida iliyo wazi: mwanafizikia ana ubao mkubwa wa kuandikia, anasimama, anafuta, anabishana akiwa na kalamu mkononi. Mwandishi wa programu anakaa. Nitarudi kwenye tatizo hilo, maana ndilo linaloua vipindi vingi kabla havijafika kwa mhariri.

La maana zaidi ni kilichotokea kwenye kipindi chao cha majaribio cha mwaka 2006. Jirani wa kike aliyeandikwa mle, Katie, alikuwa mkali na mwenye kejeli. Watazamaji wa majaribio hawakumpenda. Waliwapenda wale wanaume wawili wasiojua watu, na waliona mwanamke yule anawaonea. Ikabidi aandikwe mwingine, Penny, mcheshi na mwenye moyo, na tamthilia ikaenda miaka 12. Mtazamaji humlinda mhusika wa namna hii kama mtoto wa jirani. Anayetaka kumchekesha mtazamaji kwa kumpiga mhusika huyo atajikuta anachukiwa yeye.

Sisi tuna chombo cha kulipima jambo hili, na tumekirithi: utani. Mtani anaweza kukuambia maneno ambayo mwingine akiyasema ni ugomvi, na hata msibani anaruhusiwa vituko vyake. Lakini utani una sharti la kurudishiana. Unayemtania ana haki ya kukutania kwa uzito uleule. Pale ambapo mmoja anasema na mwenzake hawezi kujibu, hapo hapana utani, kuna uonevu. Kiswahili kinatofautisha kumcheka mtu na kucheka naye, na tofauti hiyo inaweza kuhesabiwa kwenye mswada. Chukua onyesho la dakika tatu lenye watu watatu. Weka alama kila mahali unapotarajia kicheko, kisha uandike pembeni: nani kapiga, nani kapigwa. Ikiwa alama ni kumi na mhusika wako kapigwa mara tisa, onyesho limeoza hata kama kila sentensi ni kali. Apige angalau tatu au nne. Tena apige bila kujua kwamba amepiga, kwa kusema ukweli tu. Vipigo vya namna hiyo ndivyo vinavyodumu.

Utamaduni wetu wa vichekesho umejengwa juu ya wasemaji. Marehemu King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alitawala onyesho kwa ukaidi na mdomo. Joti na wenzake wa Ze Orijino Komedi walitegemea lafudhi, mavazi na maneno ya kupishana. Mhusika asiye na mdomo akitupwa katikati ya watu kama hao atamezwa. Dawa si kumwongezea kelele. Dawa ni kumpa mwenza msemaji ambaye maisha yake yanamtegemea yeye. Na kuna siri. Tamthilia ya Kenya ya Papa Shirandula, iliyoanza Citizen TV mwaka 2007, ilisimama juu ya mlinzi wa getini aliyemficha mkewe kazi yake halisi. Mtazamaji alijua, mke hakujua, na kila hodi ilikuwa hatari. Mtu wa kompyuta naye ana siri ya asili: hakuna ndugu hata mmoja anayejua anafanya nini mchana kutwa.

Mr Bean, anayejulikana hadi kwenye vibanda umiza, ni mfano wa upande mwingine. Rowan Atkinson, aliyemwigiza tangu mwaka 1990, ana shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme kutoka Oxford. Bean karibu hasemi, lakini hana aibu hata kidogo. Kila tatizo analikabili kama fundi: lina hatua, lina vifaa, lina matokeo. Hatua hizo ni sahihi kwake na ni balaa kwa wengine. Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson aliandika mwaka 1900 kwamba tunacheka tunapoona kitu cha kimashine kimegandamana na kilicho hai. Mwandishi wa programu amepewa mashine hiyo na kazi yake.

Kwa nini basi awe mwandishi wa programu, asiwe mhasibu au mwalimu wa hesabu? Kwa sababu mtu huyu hushinda akiongea na msikilizaji asiyekisia chochote. Kompyuta haisemi "nimekuelewa". Ukiacha nukta moja inakataa, na ukiiambia jambo la kijinga inalifanya mara elfu moja bila kuuliza. Anayeishi na msikilizaji huyo miaka kumi hujifunza kutamka kila kitu na kutosadiki kinachosemwa nusunusu. Kisha anatoka nje, anakutana na "nakuja sasa hivi", "niko njiani", "karibu chakula". Mpita njia akikaribishwa chakula anajua kushukuru na kuendelea na safari. Mtu wetu ananawa mikono, anakaa, na kesho saa saba kamili anarudi, maana mwaliko haukutajwa mwisho wake.

Salamu nazo zina kitu cha kuchimba. Kompyuta mbili zikitaka kuzungumza kwenye intaneti huanza kwa hatua tatu: ya kwanza inabisha, ya pili inaitikia na kubisha pia, ya kwanza inathibitisha kwamba imesikia. Ni hodi na karibu tupu. Kwa hiyo mhusika wako si kwamba hana habari ya adabu. Anaijua adabu ya hatua tatu kwa ghaibu, kisha anakutana na bibi wa Kisukuma ambaye "mwangaluka" yake inafuatwa na "mhola", ikafuatwa na za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na hajui zimebaki hatua ngapi. Mwonyeshe akihesabu kwa vidole. Tena aanze na sifuri, kama lugha nyingi za programu zinavyohesabu.

Tumpe jina la kubuni, Kulwa, na pacha wake awe Doto, muuza simu na vifaa vya simu Makoroboi. Pacha ni mwenza bora kuliko rafiki, kwa kuwa hawezi kuachana naye na watu huwalinganisha tangu utotoni: tumbo moja, mmoja kauchukua mdomo wote. Kulwa anapanga chumba juu ya mawe ya Mabatini. Pale jiografia inamfanyia mwandishi nusu ya kazi. Nyumba zimepandana mlimani, njia inapita katikati ya mawe, na ili afike barabarani lazima apite milango sita. Milango sita, salamu sita, kila asubuhi. Kulwa amechora ramani ya kushuka yenye salamu chache zaidi, kwa hesabu ya njia fupi aliyoichapisha Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1959, ile inayotumika kutafuta njia kwenye mitandao. Kila kipindi kianze na sekunde 40 za njia mpya ikifeli: jirani kahamisha jiko, mtoto katumwa, mwenye mlango wa nne anaoga nje na anasalimia kutoka nyuma ya kanga. Onyesho hilo ni rahisi kupiga, halina gharama, na linamtambulisha mhusika bila maelezo.

Neno "kodi" lisiachwe. Vijana wa kazi hiyo huita maandishi ya programu kodi, wakitumia neno ambalo mama mwenye nyumba analijua kwa maana moja tu.

"Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Kodi imefikia wapi?"

"Imebaki kidogo, mama. Jana usiku niliivunja, leo naijenga upya."

"Umeivunja kwa ajili gani?"

"Ilikuwa ndefu mno. Nimeipunguza nusu."

"Nani alikuruhusu kuipunguza?"

Onyesho kama hilo lisizidi sekunde 50. Siri yake ni kwamba kila jibu la Kulwa ni kweli. Mara tu mmoja akigundua mkanganyiko, kata. Waandishi wachanga huongeza maelezo hapo, na kicheko kinakufa mikononi mwao.

Kipindi kizima lakini hakisimami juu ya mikanganyiko ya maneno. Kinahitaji mahali ambapo ukweli na adabu vinagongana kwa gharama kubwa, na kwetu hakuna mahali kama kamati ya harusi. Tamthilia za Marekani huwapeleka wahusika hawa kwenye miadi ya mapenzi, maana huko ndiko mtu anakopimwa. Mwanza mtu hupimwa kwenye michango. Kulwa anafanywa mhazini msaidizi kwa sababu moja tu: "Wewe si unajua kompyuta?" Kipindi kiwe cha dakika 24 ndani ya nusu saa ya ratiba. Kwa mswada wa kamera moja, ukurasa mmoja ni takribani dakika moja, kwa hiyo kurasa 24 hadi 26, maonyesho 10 au 12.

Ndani ya dakika nne za kwanza mtazamaji ajue mambo matatu: bajeti ni milioni 12, waliotoa ahadi ni 60, na mwenyekiti, mzee mwenye sauti nzito na heshima zake, ndiye anayeshika daftari. Kulwa anatengeneza mfumo wa kuwakumbusha watu kwa ujumbe wa simu. Anamwomba mwenyekiti ajaze saa ya kutuma. Mzee anaandika 2:00, akimaanisha saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari. Kompyuta haijui saa za Kiswahili. Kwake 2:00 ni saa nane usiku. Fanya hesabu hiyo ionekane mapema, kwa mkono wa mzee ukiandika, ili mtazamaji aione hatari kabla yao.

Saa nane usiku simu 60 zinalia. "Ndugu, ahadi yako ni 300,000. Umelipa 0. Zimebaki siku 9." Ujumbe mfupi, hauna hata shikamoo. Wake wanasoma ahadi ambazo waume hawakuwaambia. Mchungaji anasoma ya kwake. Hapa usitawanyike. Nyumba tatu zinatosha, kila moja sekunde 20, na ya tatu iwe ya mwenyekiti. Asubuhi kikao cha dharura kinaketi, watu wamefura, Doto anaomba radhi kwa niaba ya pacha wake kwa ufasaha mkubwa, na karibu yaishe. Ndipo Kulwa anaposimama na kusema kuna jambo jingine. Watu watatu wamemletea risiti za 150,000 kila mmoja, fedha taslimu, na hazimo kwenye daftari. Jumla 450,000.

Kulwa anadhani ni hitilafu ya mfumo wake. Hilo ndilo lililobeba kipindi chote. Amekesha akiitafuta. Anaomba radhi. Anauliza kwa unyenyekevu, "Nimekagua mistari yote, kosa silioni. Kabla namba haijanifikia mimi, inapita kwa nani?" Kila mtu chumbani ameshaelewa kwamba mwizi yuko mbele yao isipokuwa yeye, na kila swali la uchunguzi analouliza linamsogeza mzee ukutani. Kwa dakika nzima kamera isimwangalie Kulwa. Iangalie nyuso za kamati. Kicheko cha hapo kina hofu ndani yake, nacho ni bora kuliko vyote vilivyotangulia.

Likija suala la mwisho, waandishi hutaka Kulwa abadilike, aanze kuongea vizuri, akumbatiwe. Isiwe hivyo. Ajifunze jambo moja dogo la kibinadamu na alifanye kwa njia yake ya kifundi. Doto anamweleza maana ya stara. Kulwa anafikiri, kisha anaongeza kwenye mfumo sehemu iitwayo "marekebisho", inayopokea fedha hadi Ijumaa saa kumi na mbili jioni bila kuonyesha jina la anayeziingiza. Ijumaa zinaingia 450,000. Kesho yake asubuhi mlango wa pili unamuuliza habari za kazi, naye anatua begi.

Tatizo la kukaa sasa. Kuandika programu hakuna kitu cha kuona: mtu, kiti, mwanga usoni. Silicon Valley ya HBO ya Marekani, tamthilia ya vijana wanaotengeneza programu ya kubana mafaili, iliyoanza mwaka 2014 na kumalizika 2019, ilipambana nalo kwa kuitoa kazi kwenye kioo na kuifanya ugomvi. Kipimo cha ubora wa kubana mafaili kilibuniwa kwa ajili yake na profesa wa Stanford, Tsachy Weissman, akisaidiwa na mwanafunzi wake Vinith Misra, ili kuwe na namba ambayo hata asiyejua angeona inapanda. Katika msimu wa tatu Richard, mhusika mkuu, anaachana na mpenzi kwa sababu mmoja hutumia kitufe cha tabo kusogeza mistari na mwingine hubonyeza nafasi mara nyingi. Ugomvi huo upo kweli kwenye kazi hiyo. Jambo dogo mno lilipewa uzito wa ndoa, na mtu asiyewahi kugusa kompyuta alielewa.

Kwetu kuna njia nyepesi zaidi. Waandishi wa programu wana desturi ya kumweleza mwanasesere wa bata tatizo lao, mstari kwa mstari, kwa kuwa katika kueleza ndimo kosa hujitokeza. Badala ya bata, mweke mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Kulwa anamweleza, mama anapepeta dagaa na kujibu mambo yake ya bei na mvua, na katikati ya jibu lisilohusu Kulwa anaona kosa, anaruka, anashukuru, anakimbia. Mama anabaki anaamini kwamba ushauri wake kuhusu kukausha dagaa umetengeneza kompyuta. Wiki ijayo anadai mshahara, na kwa haki.

Mkilazimika kupiga kioo chenyewe, umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo kamera iwe fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Ukiacha 1/60, taa za mirija zitapwesa kwenye picha. Mistari myeusi ikitembea juu ya kioo, pandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, maana vioo vingi hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka, na kamera hukamata ule uzimaji. Mistari ikibaki, sogeza shata kidogokidogo hadi itulie. Michoro ya mawimbi ikitokea, rudisha kamera nyuma au ilegeze fokasi kidogo. Maandishi yasizidi mistari sita, makubwa, kwa kuwa mtazamaji wako anatazama kwenye simu. Kelele za kicharazio zirekodiwe peke yake baada ya teki, la sivyo zitakula mazungumzo. Na kabla ya kukubali lokesheni yenye bati, uliza msimu. Mvua ya Mwanza juu ya bati haina mhariri wa kuiondoa. Hali ikiwa tulivu, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kila mahali. Vichekesho hivi huishi ndani ya ukimya, na ukimya uliokatwa bila sauti ya chumba husikika kama kaseti iliyokatika.

Acha kimya cha sekunde mbili au tatu baada ya Kulwa kusema. The Big Bang Theory ilirekodiwa mbele ya watu, wakacheka wenyewe na kuziba pengo. Silicon Valley haikuwa na kicheko cha ukumbi, ikategemea uso wa mwenzake. Kwa bajeti za kwetu njia ya pili ndiyo inayowezekana, na kicheko cha kubandika kikae mbali.

Kuna makosa ambayo hayasameheki kirahisi. Moja ni kuchanganya kutojua watu na usonji. Waasisi wa The Big Bang Theory walisema hawakumwandika Sheldon, mmoja wa wanafizikia wao, kama mtu mwenye usonji, lakini watazamaji wengi walimsoma hivyo, na familia zenye watoto hao zipo Igoma na Nyegezi kama zilivyo kwingine. Usimpe mhusika dalili ili watu wazicheke. Ukiamua kwamba ana usonji, useme hivyo na utafute watu wenye nao wasome mswada. Kosa jingine ni kumpa akili ya miujiza ili ukali wake usamehewe. Mtu anayedharau wengine kwa kuwa ana akili si mgumu wa watu, ni mjeuri, na mtazamaji atachoka naye kipindi cha tatu. Kulwa akose mara kwa mara, kwenye kazi yake yenyewe.

Hadi hapa haijasemwa Kulwa ni mwanamume au mwanamke. Jina hilo Usukumani hupewa wote, na Kiswahili hakikulazimisha. Wengi watakuwa wamemwona kijana wa kiume, kwa sababu tamthilia zimetuzoesha, ingawa waliopanga hesabu za kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, walikuwa wanawake sita. Mimi ningemwandika mwanamke bila kusita. Mwanamume asiposalimia, majirani wa Mabatini watasema ni mtaalamu, ana mawazo mengi. Mwanamke akifanya vilevile ana kiburi, ataolewa na nani. Mgongano wa ukweli na adabu unakuwa mkali maradufu, na kikao cha harusi kinapata mwiba mpya: atakayemwuliza mzee inapopita namba ni binti.

Hakuna haja ya kuandika mswada wa pili. Rudia milango sita, rudia kikao, na ubadilishe majibu ya majirani na kamati tu. Mistari ya Kulwa iachwe neno kwa neno.